Toka, Kisha Ingia Tena

Saa nane usiku. Tukuyu inanyeshewa
kama jana, kama juzi, kama mwezi mzima uliopita,
na bati la chumba cha mitambo halinipi nafasi ya kufikiri.
Nina koti zito, chupa ya chai, na faili moja
lenye mistari inayoanza na neno lilelile: kama.

Kama mtumiaji ameketi kwenye mashine ya dirisha la dawa,
kama ni kati ya saa mbili asubuhi na saa kumi jioni,
basi awe wa kundi la famasia.
Kama mashine ni ya leba, na kama idara yake ni uzazi,
basi afungue kadi za wazazi, aone vipimo, aone damu.
Akifunga, kundi limtoke kama umande kwenye majani ya chai;
asiende nalo nyumbani.

Zamani tuliwaandika mmoja mmoja.
Orodha ikawa daftari la matanga:
Nesi Kisa alihamia Kyela, bado yumo.
Daktari Mwaipaja amestaafu, bado yumo.
Angolwisye wa stoo tulimzika mwezi wa nne,
funguo zake zote zinaning'inia humo ndani.
Nikasema basi, watu wasiandikwe tena.
Liandikwe sharti.

Na mlima huu ulijua hayo kabla yangu.
Nasikia Wanyakyusa waligawana vijiji kwa rika:
wavulana wakifika umri, wanajenga vibanda vyao kando,
hakuna aliyesoma majina mlangoni.

Simu. Leba.
Ni Lugano, nesi wa kuazimwa, kafika jioni kutoka Lwangwa.
"Dada wa kompyuta, hii mashine inasema sina ruhusa."
"Umeketi wapi?"
"Hapa hapa leba! Mama anavuja damu mbele yangu,
nataka kundi lake!"

Kundi lake.
Yeye anatafuta la mama, mimi natafuta la Lugano,
na kati yetu kuna mvua na waya mmoja.

Nalisoma sharti langu kwa kidole, kama mtoto wa chekechea.
Mashine ya leba, ndiyo. *Na* idara ya uzazi...
idara yake imeandikwa Lwangwa.
"Na." Herufi mbili nilizoandika mchana nikiwa nimeshiba.
Naongeza: au ameazimwa, na jina lake limo kwenye zamu.
Nahifadhi. "Jaribu."
"Bado!"

Bado, kwa sababu sharti husomwa mlangoni tu.
Aliyekwisha kuingia halimwoni.
"Toka, Lugano. Toka kabisa, kisha ingia tena."
Nasikia vitufe. Nasikia mtu akiguna kwa mbali.
"O chanya," anasema, na simu inakatika.

Nabaki na chai iliyopoa.
Miaka saba niko hapa, mimi Sanga wa Makete.
Juzi sokoni ulimi uliniponyoka, nikasema "kamwene"
kwa mama muuza ndizi, naye akacheka:
"Kumbe wewe ni wa kule kwenye viazi na baridi!"
Akaniongeza ndizi mbili. Bei haikushuka.
Krismasi nilipopanda kwetu, shangazi akaniambia
naongea kama watu wa Tukuyu.
Nimetoka, nimeingia, nimetoka,
na sijui ni nani anayelishika faili lile,
wala kama mimi nimekwama kwenye "na" au kwenye "au".

Juu ya mstari mpya naacha maelezo
kwa atakayekaa kiti hiki baada yangu:
Usifute. Leba, usiku wa mvua.

Saa kumi na mbili ujumbe: "Mama yuko salama. Mtoto wa kike, kilo tatu kasoro."
Naangalia kwenye mashine: Lugano amefunga,
si wa kundi lolote sasa.
Dirishani namwona anavuka uani,
viatu mkononi,
chini ya mwavuli wa kuazima.